Injini ya Saa 25: Mipaka Halisi ya Ndege za Ajabu za Ujerumani, 1942–1945

Injini ya jeti ya Jumo 004, iliyoisukuma Messerschmitt Me 262 ya Wajerumani, ilitegemewa kufanya kazi kati ya saa 10 na 25, kisha ishushwe kwenye bawa na kufumuliwa. Mwaka 1944, injini ya Welland ya Rolls-Royce iliyobebwa na Meteor ya Waingereza iliruhusiwa kufika saa 180 kabla ya kufumuliwa. Ukitaka kuelewa kwa nini Messerschmitt Me 262, ndege iliyokimbia takribani kilomita 870 kwa saa wakati Mustang ya Wamarekani ikiishia karibu na 700, haikugeuza mkondo wa vita, anzia kwenye tofauti hiyo ya saa. Umbo la bawa na hasira za Hitler vinakuja baadaye sana.

Picha za ndege hizi zinavutia mno, na ndipo wengi tunapopotea. Mtu akitazama mabawa yaliyolazwa nyuma, ndege isiyo na mkia, au roketi inayopanda kilomita 12 kwa dakika tatu na nusu, anaona kesho iliyofika mapema. Lakini ndege ni mnyororo wa vitu vingi: madini, gundi, mafuta, mpira wa tairi, fundi wa zamu ya usiku, rubani mwenye saa za kutosha angani. Katika Ujerumani ya 1944 karibu kila pete ya mnyororo huo ilikuwa imeliwa na kutu, na mchoro mzuri haukuweza kuziba pengo hilo.

Panapokutana moto na chuma

Jeti ni rahisi kueleza. Hewa inaingia mbele, kompresa inaibana, mafuta yananyunyizwa ndani yake na kuwaka, gesi ya moto inakimbilia nyuma. Ikiwa njiani inazungusha turbini, na turbini, kwa shafti iliyopita katikati, ndiyo inayoizungusha kompresa ya mbele. Ugumu wote umekaa pale moto unapokutana na chuma kinachozunguka.

Kwenye Jumo 004B hewa ilipita katika safu nane za mapanga ya kompresa mpaka shinikizo lake likafika takribani mara tatu ya lile la nje. Iliingia kwenye chemba sita za mwako, na ilipotoka ilikuwa na joto linalokaribia nyuzi 775 za Selsiasi. Moto huo uligonga gurudumu la turbini lenye mapanga zaidi ya 60, likizunguka mara 8,700 kwa dakika. Kwa mzunguko huo kila panga, ingawa linaenea kiganjani, linavutwa kutoka kwenye mzizi wake kwa nguvu ya tani nzima na zaidi.

Chuma cha kawaida kikipita nyuzi 500 hivi kinaanza kulegea. Kibaya zaidi ni kwamba hakivunjiki hapohapo. Kinarefuka kidogo kidogo, kila dakika, mradi joto na mvuto vipo. Panga linarefuka mpaka linakwaruza ganda la nje, au linapata ufa kwenye mzizi, halafu linakatika. Panga moja likikatika kwenye mzunguko wa 8,700, gurudumu zima linapoteza mizani, mtikisiko unavunja mengine, na injini inakuwa chakavu kabla rubani hajasoma saa ya joto.

Dawa inajulikana: changanya chuma na nikeli na kromu kwa wingi. Waingereza walifanya hivyo. Mapanga yao yalitengenezwa kwa mchanganyiko ulioitwa Nimonic, ambao sehemu yake kubwa ni nikeli. Anselm Franz, aliyeongoza kazi ya Jumo 004 katika kampuni ya Junkers mjini Dessau, hakuwa na ruhusa hiyo. Toleo la kwanza, 004A, lilijengwa kwa metali nzuri ili kuthibitisha kwamba wazo linafanya kazi, na lilifanya kazi. Toleo la kuzalishwa kwa wingi, 004B, lilitakiwa lisitumie madini adimu ila kwa kiasi kidogo sana.

Walichokifanya kinastahili heshima. Chemba za mwako walizitengeneza kwa bati la chuma laini, wakalipaka alumini ili lisiliwe haraka na moto. Kwa mapanga ya turbini walianza na Tinidur, chuma chenye nikeli karibu asilimia 30, kisha wakahamia Cromadur, ambayo iliondoa nikeli na kuweka manganizi mahali pake. Cromadur ilikuwa dhaifu zaidi kwenye joto, lakini ilikubali kuchomelewa. Kwa hiyo walikunja bati, wakalichomelea kwenye ukingo wa nyuma, wakapata panga lenye uwazi ndani, wakapitisha humo hewa iliyoibwa kutoka kwenye kompresa ili lipoe. Kupoza panga kwa hewa kutoka ndani ndiyo njia inayotumika mpaka leo kwenye injini za ndege za abiria. Ila leo inatumika kupandisha joto juu zaidi ya kiwango ambacho metali bora inahimili yenyewe. Wao waliitumia ili metali duni ihimili tu.

Hata baada ya hapo mapanga yaliendelea kukatika, na mwaka 1943 ilibidi watafute sababu nyingine. Ilikuwa mtetemo. Chemba zilikuwa sita, hivyo kila panga likizunguka mara moja lilisukumwa mara sita. Kwa mzunguko wa 9,000 kwa dakika, yaani 150 kwa sekunde, hiyo ni misukumo 900 kila sekunde, na panga lenyewe kwa asili lilipenda kutetemeka karibu na kiwango hicho. Ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi: nguvu ni ndogo, lakini bembea inapanda. Ili kupata sauti ya asili ya kila panga, walimwita mwanamuziki apitishe upinde wa fidla kwenye mapanga na kusikiliza yanavyolia. Mhandisi Max Bentele ndiye aliyeunganisha mambo yote hayo. Suluhisho likawa kuyafanya mapanga yachongoke zaidi kuelekea ncha, kuyafupisha kwa milimita moja, na kushusha mzunguko wa juu kutoka 9,000 hadi 8,700. Milimita moja hiyo ilikula miezi, na hakuna amri ya kisiasa iliyoweza kuifupisha miezi hiyo.

Mkono wa rubani

Kuiwasha injini kulikuwa kazi ya hatua, na kila hatua ilikuwa na mtego wake. Kwenye pua ya Jumo 004 kulikaa injini ndogo ya petroli, aina ya Riedel, ya mipigo miwili na nguvu za farasi kama 10. Iliwashwa kwa umeme, na umeme ukigoma fundi alivuta kamba yenye pete iliyochungulia kwenye mdomo wa injini, kama mtu anayewasha mashine ya kukata majani. Riedel ilizungusha kompresa hadi takribani mizunguko 800 kwa dakika. Hapo rubani alibonyeza kitufe, petroli ikanyunyizwa na cheche zikatoka. Mzunguko ulipokaribia 2,000 alifungua mafuta yenyewe, J2, mafuta mazito ya jamii ya dizeli ambayo hayashiki moto kwa urahisi yakiwa baridi. Kisha alisubiri injini ifike 3,000 na kutulia. Akifungua J2 mapema, mafuta yalijikusanya chini ya bomba la nyuma, na yalipowaka ulimi wa moto ulitoka nje na joto likapita kiwango kabla ndege haijasogea.

Baada ya kuwaka, adui mkubwa wa injini alikuwa mkono wa rubani mwenyewe. Kwenye ndege ya pangaboi, rubani akitaka nguvu anasukuma wenzo wote mbele na injini inaitika. Kwenye Jumo 004, hasa chini ya mizunguko 6,000, kusukuma haraka kulimaanisha mafuta yanaongezeka kabla hewa haijaongezeka, kwa sababu rota nzito inachukua muda kuongeza kasi. Moto ukakosa hewa ya kuupoza, joto likaruka, mapanga yakaungua. Kuvuta wenzo nyuma haraka kulikuwa na hatari ya upande wa pili: moto kuzimika, hasa juu angani, ambako kuuwasha upya hakukuwa jambo la uhakika. Rubani mpole alipata saa nyingi zaidi kutoka kwenye injini ileile kuliko rubani mwenye pupa, na vita havimruhusu mtu kuwa mpole.

Nyuma ya injini kulikuwa na koni inayosogea mbele na nyuma kubadilisha upana wa mdomo wa gesi. Mafundi wa Kijerumani waliiita Zwiebel, yaani kitunguu, kwa umbo lake. Kitunguu kikikwama mahali pasipo pake, injini moja inasukuma na nyingine hailingani nayo, na ndege inavutwa upande. Rubani aliyezoea injini moja ya pangaboi alikuwa na sekunde chache za kuelewa kilichotokea.

Kutua ndiko kulikoua wengi. Ndege isiyo na pangaboi haina breki ya hewa ya kuipunguza kasi, kwa hiyo Me 262 ilihitaji njia ndefu, iliyonyooka, ya kushuka polepole. Wenzo ukisharudishwa nyuma na mzunguko kuanguka, kubadili mawazo hakukuwezekana: nguvu zisingerudi kwa wakati ili ndege ipande tena na kuzunguka. Marubani wa Washirika (Wamarekani, Waingereza na wenzao) waliligundua hilo mapema, wakaacha kuwafukuza angani na kuanza kuwasubiri mlangoni. Tarehe 6 Novemba 1944 Chuck Yeager aliiangusha Me 262 moja ikiwa inakaribia kutua. Siku mbili baadaye Walter Nowotny, aliyekuwa akiongoza kikosi cha kwanza cha mapigano cha ndege hizi katika viwanja vya Achmer na Hesepe, aliuawa karibu na Achmer. Wajerumani walilazimika kuweka mizinga ya kutungulia ndege kwenye njia za kushukia na kurusha ndege za pangaboi, Fw 190, zizilinde jeti zikiwa zinaondoka na kurudi. Yaani ndege yenye kasi kuliko zote ilihitaji kulindwa na ndege za kizazi kilichotangulia.

Hata ardhini Me 262 ilikuwa mgonjwa wa gharama. Ilitaka njia ndefu ya zege, na njia hizo zilionekana vizuri kutoka juu. Matairi ya mpira bandia yalipasuka. Kubadilisha injini kulikusudiwa kuchukua saa tatu. Kwa kawaida kulichukua nane au tisa, kwa sababu vipuri havikulingana na mafundi hawakufunzwa vya kutosha. Na kwa kuwa injini zilikunywa mafuta hata zikiwa zimesimama, ndege zilivutwa hadi mwanzo wa njia kwa Kettenkrad, pikipiki yenye minyororo kama ya kifaru. Hesabu yenyewe haina huruma. Kila injini ilitoa msukumo wa karibu kilo 900 na kuunguza, kwa nguvu zote, takribani kilo 1.4 za mafuta kwa kila kilo ya msukumo kwa saa. Injini mbili ni kama kilo 2,500 kwa saa, na matangi yote yakijaa yalibeba lita zipatazo 2,500, ambazo ni kilo 2,100 hivi. Juu angani matumizi yanapungua na muda unafika saa moja au zaidi kidogo. Ukikaa kwenye zege injini zikinguruma, unakula dakika za kurudi nyumbani.

Je, ni Hitler aliyeichelewesha?

Simulizi hii inarudiwa mno: Hitler alitaka Me 262 iwe ya kudondosha mabomu, akaichelewesha, la sivyo anga la Ujerumani lingeokoka. Ni kweli aliidai ibebe mabomu, na ni kweli alighadhibika Mei 1944 alipoambiwa haikuandaliwa hivyo. Lakini tazama tarehe. Fritz Wendel aliirusha kwa nguvu za jeti pekee tarehe 18 Julai 1942 huko Leipheim. Miezi michache kabla, Machi 25, alipaa na injini mbili za BMW zikazimika zote, na kilichomwokoa ni injini ya pistoni iliyoachwa puani kwa tahadhari. Injini za 004B zilianza kutoka kiwandani kwa wingi katikati ya 1944, na jeti za kwanza za kivita zikaingia vikosini miezi hiyohiyo. Bodi za ndege zilisubiri injini. Hakuna ghala lililojaa jeti tayari ambalo Hitler alilifunga kwa ufunguo.

Hata lile bawa maarufu lililolazwa nyuma kwa nyuzi 18.5 halikutokana na ufunuo wa kasi ya sauti. Injini zilipokuwa nzito kuliko ilivyotarajiwa, kitovu cha uzito kilihama, na wahandisi walilaza mabawa ili kukirudisha mahali pake. Ulazaji huo ni mdogo mno kusaidia sana karibu na kasi ya sauti. Ndege ilipofika kama asilimia 86 ya kasi hiyo, pua ilianza kuzama yenyewe.

Zilitengenezwa takribani 1,430. Zilizokuwa tayari vikosini kwa wakati mmoja hazikuzidi 200 hivi. Tarehe 18 Machi 1945, moja ya siku zao bora, Me 262 37 zilikabili ndege za mabomu zaidi ya 1,200 na za kusindikiza zaidi ya 600. Ziliangusha ndege 12 za mabomu na moja ya kusindikiza, zikapoteza tatu. Kwa uwiano wa mapigano ni ushindi. Kwa upande wa mabomu yaliyofika chini, ni asilimia moja tu ya ndege za mabomu iliyozuiwa.

Madini, mikono, mafuta

Kwa nini nikeli ilikosekana? Ujerumani ilitegemea Petsamo, kaskazini kabisa mwa Finland, na ilipofika vuli ya 1944 Finland ilitoka vitani na Petsamo ikaenda kwa Wasovyeti. Kromu ilitoka Uturuki, iliyosimamisha mauzo hayo Aprili 1944. Lakini tusisahau kwamba uamuzi wa kuijenga 004B bila nikeli ulitangulia hasara hizo: deraya za vifaru, mizinga na mitambo ya viwanda vyote viligombea gunia lilelile, na injini ambayo bado haijashinda vita yoyote ilikuwa mwisho wa foleni.

Upande wa pili haukukabwa hivyo. Kongo ya Wabelgiji ilibaki na Washirika baada ya Ubelgiji kusalimu amri Mei 1940, na kobalti ya Katanga ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa duniani. Wamarekani walitumia michanganyiko ya kobalti kutengeneza mapanga ya tabo (mitambo inayosukuma hewa ndani ya injini) za ndege zao za mabomu, kazi ya joto inayofanana sana na ya jeti. Wachimbaji wa Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya migodini, walikuwa upande wa mzani ambao Dessau haikuweza kuufikia.

Mikono iliyojenga ndege hizi ni jambo lisilopaswa kuachwa pembeni kwa sababu ya uzuri wa michoro. Viwanda viliposambaratishwa na mabomu, kazi ilihamishiwa mapangoni. Bodi za Me 262 zilijengwa kwenye mahandaki ya Bergkristall huko St. Georgen, Austria, na wafungwa wa kambi ya Gusen waliokufa kwa maelfu. Huko Kahla, vibarua wa kulazimishwa kutoka nchi zilizotekwa walichimba kilima cha Walpersberg; ndege zilipandishwa hadi kileleni na kuruka kutoka kwenye njia fupi, huku zikisaidiwa na roketi. Zaidi ya ukatili wenyewe, fikiria pia kiufundi: mtu mwenye njaa, anayepigwa, anayemchukia anayemtumikisha, anachomelea mshono utakaobeba maisha ya rubani. Ubora ulishuka, na hujuma ya kimyakimya ilikuwa njia ya kupigana iliyobaki kwao.

Halafu mafuta. Washirika walianza kuvipiga viwanda vya mafuta ya makaa, Leuna na vinginevyo, tarehe 12 Mei 1944. Petroli ya ndege kutoka viwanda hivyo ilikuwa tani 175,000 mwezi wa Aprili; Julai ilikuwa 30,000, na Septemba 5,000. Inasemwa kwamba jeti zilikwepa balaa hilo kwa kuwa zilitumia J2. Kwa injini zenyewe kuna ukweli. Ila rubani wa jeti hazaliwi ndani ya jeti: anafunzwa kwanza kwa ndege za petroli, na petroli ya mafunzo ndiyo iliyokatwa kabla ya kitu kingine chochote. Wanafunzi waliofika vikosini 1944 walikuwa na chini ya nusu ya saa za angani za waliowatangulia 1942. Sasa rudi kwenye ule wenzo usiotaka kusukumwa haraka, mweke kijana huyo nyuma yake, na adui anamsubiri uwanjani.

Roketi ya dakika nane

Me 163 Komet ilikuwa na kasi kuliko hata Me 262, karibu kilomita 950 kwa saa, na ilipanda mita 12,000 kwa takribani dakika tatu na nusu. Injini yake ya Walter haikuhitaji hewa ya nje. Ilichanganya vimiminika viwili: T-Stoff, ambayo ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 80, na C-Stoff, mchanganyiko wa methanoli, hidrazini na maji. Vikikutana vinalipuka bila kuhitaji cheche. Kwa hiyo gari la T-Stoff halikuruhusiwa kuikaribia ndege mpaka lile la C-Stoff limeondoka na sehemu imeoshwa kwa maji mengi. T-Stoff huwasha pamba, ngozi na nywele inapozigusa, na sehemu ya akiba yake ilikaa kwenye matangi mawili pande zote za miguu ya rubani. Marubani walivaa suti za kitambaa bandia, lakini mishono haikuweza kuizuia kwa muda mrefu.

Lita 1,040 za T-Stoff na lita kama 490 za C-Stoff ziliisha kwa dakika nane au chini yake. Baada ya hapo Komet ilikuwa nyiririko isiyo na injini. Haikuwa na magurudumu makuu ya kutulia: ilipaa juu ya kigari kilichodondoshwa, ikatua kwa kuteleza juu ya ubao wa chuma tumboni, na pale iliposimama ilibaki hapo, peupe mbele ya kila Mustang, hadi trekta dogo lije kuibeba. Ubao ukigoma kushuka, mshtuko wa kutua uliumiza uti wa mgongo wa rubani. Mabaki ya T-Stoff nayo yaliweza kumuunguza au kulipuka.

Sasa pima sekunde za mapigano. Komet inaifikia ndege ya mabomu kwa tofauti ya kilomita 500 kwa saa, yaani mita 140 kwa sekunde. Mizinga yake miwili ya MK 108 ya milimita 30 ilirusha risasi polepole, mita 540 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kulenga kuanzia zaidi ya mita 600 kulikuwa kubahatisha, na kwenye mita 180 hivi ilibidi ukwepe usigongane. Katikati hapo pana sekunde tatu. Kila mzinga unatoa kama risasi 10 kwa sekunde, jumla 60, na ilihitajika wastani wa nne zinazogonga kuiangusha B-17. Zilijengwa Komet zaidi ya 300, na ndege zilizoangushwa nazo hazizidi 16 hivi. Washirika walipojua kwamba haiwezi kufika mbali na uwanja wake wa Brandis, karibu na Leipzig, walipanga njia zao kando ya hapo.

Gundi

Alumini ilipopungua, Wajerumani waligeukia mbao. Hakuna ubaya katika mbao; Mosquito ya Waingereza ilijengwa kwa mbao na ilikuwa miongoni mwa ndege bora za vita hivyo. Siri ya plaiwudi ni gundi. Wajerumani walikuwa na Tego-Film, karatasi nyembamba iliyolowekwa resini, inayowekwa kati ya tabaka za mbao na kubanwa kwa joto. Kiwanda chake huko Wuppertal kilipigwa mabomu. Gundi mbadala ilikauka kwa msaada wa asidi, na asidi hiyo haikuondoka. Ilibaki ndani ya mbao ikizila taratibu, kiasi kwamba kiungo kilichofaulu majaribio leo kilikuwa dhaifu wiki chache baadaye. Ta 154, ndege ya usiku ya mbunifu Kurt Tank, ilivunjika angani Juni 1944 kwa sababu hiyo.

He 162, jeti ya Heinkel yenye mabawa ya mbao, ilirithi tatizo hilohilo, pamoja na haraka isiyopimika. Maelekezo yalitolewa Septemba 1944. Tarehe 6 Desemba ilikuwa angani, chini ya miezi mitatu. Siku hiyo kifuniko cha gurudumu la mbele kilibanduka kwa gundi mbovu. Wakaendelea. Tarehe 10 Desemba, mbele ya maofisa walioalikwa kutazama karibu na Vienna, sehemu za bawa zilibanduka kwa mwendo wa kasi na rubani Gotthold Peter akafa. Ndege hiyo ilikusudiwa kurushwa na vijana waliofunzwa kwenye nyiririko. Ukweli ni kwamba ilikuwa nyepesi kupita kiasi mkononi na ilimwadhibu rubani aliyeigeuza kwa pupa. Na ilikaa angani dakika kama 30 ikiruka chini.

Mabawa ya michoro

Bawa la ndugu Horten, Ho 229, ndilo linalozaa ndoto nyingi zaidi. Lilikusudiwa kubeba kilo 1,000 kwa kilomita 1,000 kwa mwendo wa 1,000. Ndege isiyo na mkia inapunguza ukinzani wa hewa, hilo ni kweli. Inapoteza pia kile mkia ulichokuwa ukifanya: kuituliza pua isiyumbe kushoto na kulia, jambo ambalo mlenga shabaha analihitaji kuliko kasi. Ilichorwa kwa injini za BMW 003, zikachelewa, ikabidi kupachika Jumo 004 zilizo nene zaidi, na katikati ya ndege ikachorwa upya. Erwin Ziller aliirusha kwa jeti tarehe 2 Februari 1945 huko Oranienburg. Tarehe 18 mwezi huohuo injini moja ilizimika, ndege ikaanguka, Ziller akafa. Jumla ya muda wake angani kwa nguvu za jeti ni kama saa mbili. Dai kwamba ilijengwa isionekane na rada lilipimwa Marekani na Northrop Grumman kwa mfano wa ukubwa kamili: umbali wa kuonekana kwa rada za wakati ule ulipungua kwa takribani asilimia 20, na ndege yoyote ya mbao isiyo na pangaboi ingepata sehemu ya punguzo hilo bila kukusudia.

Junkers Ju 287 ilikwenda mbali zaidi: mabawa yake yalielekea mbele. Faida ipo, kwa sababu kwa mwendo mdogo hewa hung'ang'ania ncha za bawa kwa muda mrefu zaidi. Lakini ncha iliyotangulia mbele ikiinuliwa na hewa hupinda juu, ikipinda hukamata hewa zaidi, na hivyo hupinda zaidi, mpaka bawa likatike. Kulizuia kwa chuma au alumini kunahitaji bawa zito kiasi cha kufuta faida yenyewe. Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka Agosti 1944 ikiwa imeungwaungwa: bodi ya He 177, mkia wa Ju 388, magurudumu makubwa ya Ju 352, na ya mbele yaliyotolewa kwenye B-24 za Wamarekani zilizoangushwa. Bawa la aina hiyo lilipata metali yake, ambayo haikuwa metali, tarehe 14 Desemba 1984, X-29 iliporuka Marekani na mabawa ya nyuzi za kaboni zilizopangwa zipinde kwa upande unaotakiwa.